Nusu Kichwa cha Refa

"Tangu nishike mashine," alisema Barafu, "hakijatoka kichwa nusu kwenye kiti hiki. Nyumba iungue, mto ufurike, mimi namalizia kwanza. Halafu ndiyo nauliza kuna nini."

Wazee wawili wa benchi, ambao walikuja kila siku kusoma magazeti ya juzi na hawakuwa na nywele za kunyoa, waliitikia kama watu wanaosikia hutuba. Walikuwa mashahidi wake wa kudumu. Ndio waliomuona siku ile feni ya dari ilipokatika ikaanguka katikati ya duka, na yeye akaisogeza kwa mguu, akaendelea na sharubu za mteja. Siku hiyo mtaa mzima ulisahau jina alilopewa na mama yake. Akawa Barafu, na jina likamkaa kama shati la kushonwa.

Kitini alikuwa amekaa Refa, mtu mrefu mwenye miguu mikavu kama fito, shingoni amefungwa shuka la kunyolea lenye mistari ya bluu. Alikuwa na mechi jioni ile. Kabla ya kila mechi alinyoa zote, asibakize hata moja.

"Nywele zikiwepo," alikuwa akisema, "wachezaji wanapata pa kushika."

Barafu alianza upande wa kushoto, kama kawaida yake. Mashine ikawa inanguruma taratibu.

"Na mama watoto hajambo?" Refa akauliza, macho kayafumba.

Mzee mmoja wa benchi akakohoa. Mwingine akafungua gazeti ambalo alishalisoma.

"Yuko kwa mama yake," Barafu akajibu. "Usitikise kichwa."

Sauti haikupanda wala kushuka. Ungedhani anaulizwa bei ya poda.

Sasa, msomaji, huyo aliyekuwa kwa mama yake ndiye aliyelishona hilo shuka la mistari. Alikuwa fundi cherehani, chumba chake kikitazamana na duka la Barafu, na walijuana kwa ajili ya pindo. Barafu alimpelekea shuka, likapindwa. Kesho yake akalirudisha, eti pindo halijanyooka. Likafumuliwa, likapindwa tena. Akalirudisha. Mwanaume anayeweza kuona unywele mmoja uliobaki kisogoni mwa mtu anayepita barabarani, leo haoni pindo lililonyooka kama rula! Mara ya tatu fundi alilipokea, akalikunjua, akamtazama juu ya miwani yake.

"Kaka, hili likishonwa tena litakuwa leso. Sema unachotaka."

Barafu akatazama cherehani. Akatazama mlango. Akasema, "Nataka kazi isiishe."

Hilo ndilo neno la mapenzi la kwanza kutoka kinywani mwake, na kwa kadiri mkewe alivyojua, lilikuwa la mwisho. Lilimtosha mpaka harusi. Baada ya hapo likaanza kupungua nguvu, kama chai inayoongezwa maji ya moto kila asubuhi.

Mama mkwe yeye hata hilo hakubahatika kulisikia. Alikuwa mpishi wa shule mstaafu, mwanamke wa sauti pana, aliyezoea kunyamazisha foleni ya watoto wenye njaa kwa kugonga mwiko mara moja. Siku ya kuja kuposa, alimkalisha Barafu mbele ya wakubwa wote wa familia akamuuliza swali moja tu.

"Unampenda mwanangu?"

"Tunaelewana, mama."

"Mnaelewana?" Mama mkwe akageukia watu. "Hata mimi na muuza mkaa tunaelewana!"

Ndoa ilifungwa kwa sababu binti alikataa kula mpaka ifungwe. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe akimzungumzia mkwewe alimwita "yule mnayeelewana naye," na hakuwahi kukanyaga nyumbani kwao.

Kisha ikaja mimba, na mimba ikaleta swali jingine. Mkewe aliliuliza mchana mmoja, anashona kofia ndogo ya sufi, uzi kaubana kwa meno.

"Siku yangu ikifika, utakuwa wapi?"

"Kazini," Barafu alijibu. "Wewe utakuwa na kazi yako, na mimi na yangu. Nikae koridoni nifanye nini? Nining'inie kama mkia unaosubiri ng'ombe ageuke?"

Alidhani ametoa mzaha. Mkewe aliukata uzi, akaikunja kofia, akaiweka ndani ya kapu la nguo za mtoto.

"Vizuri," alisema. "Basi nikitoka hospitali na mwanangu, nitaelekea kwa mtu aliyekuwepo."

Asubuhi yake alikwenda kwa mama yake na lile kapu. Na Barafu, badala ya kumshika mkono, alilibeba kapu mpaka barabarani, akalifunga kamba vizuri lisimwagike, akamwambia, "Safari njema." Hapo ndipo alipoharibu zaidi.

Kuna jambo moja tu ambalo mkewe aliondoka nalo kichwani na hakumwambia mtu. Barafu alikuwa na mluzi wake wa kunyolea watoto. Mtoto akilia kitini, yeye hupiga sauti ndogo inayopanda, inayosita, inayoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na mtoto hunyamaza kuisikiliza. Miezi ile ya mwisho, jioni, mtoto alipoanza kurusha mateke tumboni, Barafu alikuwa akisogeza kiti karibu, akajifanya anasafisha meno ya mashine, na kuupiga mluzi huo chini chini. Mkewe alijifanya hasikii. Mateke yalikuwa yakikoma.

Basi. Turudi dukani. Simu ililia. Barafu akaibana kwa bega, mashine ikiwa bado mkononi.

"Tupo hospitali," ilisema sauti pana. "Uchungu umeshika. Nimekupigia kwa sababu ameniomba, si kwa sababu nimetaka." Ikakatwa.

"Sawa, mama," Barafu aliiambia simu iliyokatwa. Akaiweka mezani, kando ya chupa ya spiriti. Akapuliza meno ya mashine. Akanyoa mstari mmoja zaidi, mnyoofu, safi, kuanzia kisogoni mpaka katikati ya paji.

"Umeona?" mzee wa benchi akamnong'oneza mwenzake. "Barafu."

Refa, macho kayafumba, alisikia mashine imenyamaza ghafla. Akadhani umeme umekatika. Alipofumbua macho, kwenye kioo aliona upande wa kushoto wa kichwa chake ukimeremeta kama sufuria mpya, upande wa kulia ukiwa kichaka, na nyuma yake mlango ukipigapiga ukutani bila mtu.

"We kinyozi!"

Kinyozi alishafika kwa fundi baiskeli. Alikimbia bila kutazama kushoto wala kulia, mashine kaikumbatia kifuani, waya ukimfuata nyuma vumbini. Nyuma ya waya alikimbia Refa, shuka la mistari likipepea mabegani. Refa yule alikuwa na mapafu ya kazi. Hakuwa mtu wa kuachwa.

"Mwizi huyo?" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni ya bombani.

"Hapana! Kinyozi wangu!" Refa akajibu bila kupunguza mwendo.

Mlangoni mwa hospitali Barafu alisoma kibao akaelewa kinyume chake. Aliingia chumba cha kwanza alichokiona, akamshika mkono mtu wa koti jeupe.

"Mke wangu yuko wapi? Anajifungua!"

"Ndugu yangu," yule mtu alisema kwa upole, koleo mkononi, "hapa tunang'oa meno."

Mzee aliyekuwa amekaa kitini, shavu limevimba kama andazi, alicheka mpaka akajishika taya kwa maumivu.

Alipoelekezwa, alipofika kwenye kona ya korido ya wazazi, kilichomsimamisha ni sauti.

"Hajaja," mama mkwe alikuwa akimwambia mkunga mlangoni. "Wala hatakuja. Huyo ana roho ya wembe. Yuko huko ananyoa watu."

Barafu akajitazama. Shati limetoka suruali, nywele za Refa zimemjaa mikononi, pumzi haipatikani, na waya umening'inia nyuma yake mpaka sakafuni. Mkia kabisa. Mtu mwingine angejitokeza hivyo hivyo alivyo, na hadithi yetu ingeishia hapo, watu wakililiana mabegani. Yeye aliona haya. Alirudi kinyumenyume, akazunguka jengo.

Nyuma kulikuwa na uwanja wa kufulia, mashuka meupe yameanikwa kwenye kamba, na dirisha moja la vioo vya ukungu lililoachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Kutoka humo ikaja sauti ya mkewe. Hakuitambua mara ya kwanza. Ilikuwa sauti ya mtu anayeinua kitu kizito kuliko yeye mwenyewe, na hakuna wa kumpokea.

"Siwezi," ilisema sauti. "Siwezi tena."

"Unaweza, mama," mkunga akajibu. "Pumua. Sikiliza pumzi yako."

Barafu akaegemeza kiganja ukutani, chini ya dirisha. Akalowesha midomo. Mluzi wa kwanza haukutoka; ulitoka upepo mtupu. Wa pili ukatoka. Ukapanda, ukasita, ukashuka ngazi gizani. Akaurudia. Ndani kukawa kimya kidogo, kisha pumzi ndefu, kisha kazi ikaendelea. Akaurudia tena na tena.

"Nimekupata!" Refa alitokeza kati ya mashuka mawili. "Nusu yangu iko wapi? Nitasimamaje uwanjani na..."

Kisha akaiona sura ya kinyozi, akafunga mdomo. Midomo ya Barafu ilipokauka, mluzi ukaanza kukwaruza, Refa alikwenda bombani, akarudi na kikombe cha bati kilichojaa maji, akamshikia mpaka akanywa. Hata uwanjani kuna wakati mwamuzi anaacha mchezo uendelee.

Ndipo ikaja ile sauti nyingine. Nyembamba, kali, yenye malalamiko tayari.

Barafu akakaa chini, juu ya beseni lililopinduliwa. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni, naye akayaacha kama hayamhusu.

"Analia huyo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza soda.

"Hongera, baba," Refa alisema. Akangoja kwa adabu. Akangoja tena. "Sasa, kichwa."

"Nisubiri hapa. Nikitoka nakumalizia." Barafu akanawa uso bombani, akachomekea shati, mashine akaificha ndani yake, waya akauzungusha kiunoni kama mkanda. "Na usiseme umeniona hapa."

"Nimekuona."

"Hujaniona."

"Kaka, mimi ni refa. Nikishaona, nimeona."

"Basi usiingie ndani," Barafu akasema, akaenda zake.

Wodini mkewe alikuwa amelala chali, nywele zimemganda usoni, kifuani amewekewa furushi dogo. Macho yake yalikuwa mlangoni kabla Barafu hajafika. Alipoingia, macho yale yalimpitia kuanzia nywele mpaka viatu, taratibu, kama yanatafuta uzi uliofumuka. Barafu alikuwa msafi. Uso umeoshwa, shati limechomekewa. Yale macho yakarudi mikono mitupu.

Mama mkwe alisimama upande wa pili wa kitanda, mikono kaifunga kifuani.

"Karibu," alisema. "Umetukuta tumeshamaliza."

"Hongereni, mama. Poleni kwa kazi."

"Msichana," mkewe alisema.

"Nashukuru." Alibaki amesimama miguuni pa kitanda. Kutoka pale aliona sikio moja, dogo, limekunjika kama jani changa. Alijua masikio, alikuwa akiyakunja kila siku kupitisha wembe. Hakuwahi kuona la namna ile.

"Ulikuwa wapi?" mkewe akauliza.

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lilikuwa ukutani nyuma yake, hatua chache tu. Lakini mama mkwe alikuwa akimtazama, ile tabasamu ya kujua tayari imeshakaa mdomoni, na jina la mtu ni jina la mtu.

"Nilikuwa na kichwa," Barafu akasema. "Nikakimaliza, nikanawa, nikaja. Nilitembea tu. Nilijua uko mikononi mwa watu wanaojua kazi."

Mama mkwe akamtupia binti yake jicho la nilikwambia.

Mkewe alitazama dirisha la vioo vya ukungu, la chumba cha jirani, lililoonekana kupitia mlango. "Ulikimaliza," alisema.

"Chote."

"Basi nilisikia vibaya." Akaivuta kofia ya sufi ikafunika lile sikio. "Kulikuwa na mtu anapiga mluzi huko nje. Nilipokuwa nimechoka kabisa. Nikadhani... Nilimwambia mama, sikiliza. Mama akaniambia ni mfuaji wa mashuka."

"Ni mfuaji," mama mkwe alisema.

"Atakuwa mfuaji," Barafu akasema.

"Mama," mkewe akasema, uso kaugeuzia ukutani, "nifungie kapu. Tukiruhusiwa tutakwenda kwako."

Mama mkwe akalivuta kapu toka chini ya kitanda, akaanza kukunja vitambaa. Barafu aliitazama kamba yake mwenyewe, ile aliyoifunga barabarani, ikifunguliwa na kufungwa upya kwa fundo la mtu mwingine. Mtu ukizoea kutosema, siku ya kusema huna pa kuanzia.

"Haya, wewe unakwenda wapi? Wewe! Hakuingiwi huku!" Nesi alikuwa akimrudisha mtu mlangoni.

"Samahani, sista. Namfuata kinyozi."

Wodi nzima ikageuka. Refa alisimama mlangoni na shuka la mistari mabegani, upande wa kushoto wa kichwa ukipokea mwanga wa dirisha, upande wa kulia ukiwa umesimama wima. Mama mmoja kitanda cha tatu alishika tumbo akasema, "Jamani msinichekeshe, nimeshonwa."

"Nawe ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Shikamoo, mama. Nimesikia toka koridoni. Mimi ndicho hicho kichwa alichokimaliza."

Mkewe alijiinua kwa kiwiko. Alilitazama lile shuka, pindo lake, ule mshono alioufumua mara mbili kwa mikono yake.

"Huyu mtu anatania," Barafu akasema.

"Mimi nitanie? Nina mechi jioni!" Refa akaingia hatua mbili, nesi kamng'ang'ania shuka. "Simu yako imelia, mama, huyu kanikatia katikati ya paji katoka mbio. Mbio hizo, mimi nafukuza mpira kila wiki, nimemkosa. Kaingia kwa daktari wa meno kudai mke."

"Kwa nani?" mkewe akauliza.

"Kwa wang'oa meno! Muulizeni yule mzee mwenye shavu."

"Kukimbia nilikimbia," Barafu alisema haraka. "Kulikuwa na wingu. Nikajua mvua inakuja."

Mama mkwe akatazama nje, jua likiwa limetanda mpaka chini ya vitanda. Akaacha kukunja.

"Na huko nyuma kwenye mashuka?" Refa akaendelea. "Niseme, nisiseme?"

"Sikuwa huko," Barafu akasema. "Huko alikuwa mfuaji."

Labda angeshinda. Alikuwa na uso mkavu, sauti ya soda, na mjini kila mtu alijua habari ya feni. Lakini hapo mtoto akaamka. Alianza kwa kukunja uso, kisha akaachia. Mama yake akamtikisa, akazidi. Bibi yake akampokea, akampigapiga mgongoni, akamwita mke mwenza, akamwita malkia, akazidi. Nesi akasema ni hewa. Kelele zikapanda mpaka watoto wa vitanda vingine wakaanza kuitikia.

Na Barafu, ambaye mikono na midomo yake vilishazoea kilio cha mtoto kuliko yeye mwenyewe alivyojizoea, alipiga mluzi.

Ulitoka bila kuombwa. Ukapanda, ukasita, ukashuka ngazi gizani.

Mtoto akanyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Akageuza kichwa kidogo upande ule. Wodi nzima ikanyamaza naye.

Barafu akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Mkewe alikuwa akimtazama. Tabasamu ilianza pembeni mwa mdomo, ikatetemeka, ikakutana njiani na machozi, na vyote viwili vikapita pamoja.

"Mama," alisema, bila kumwondolea mumewe macho, "njoo umwone mfuaji wa mashuka."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama chungu alichodhani kimepasuka, na maji hayavuji. Alimtazama usoni, akashuka mpaka kiunoni, ambako ncha ya waya ilikuwa imechomoza chini ya shati na plagi yake inaning'inia nyuma. Akanyoosha mkono, akaishika ile plagi kwa vidole viwili.

"Na mkia huu, baba, ni wa nani?"

Masikio ya Barafu yakaiva.

Mama mkwe akamwekea mtoto mikononi, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayemgawia sahani mtoto mkorofi aliyerudi kwenye foleni. Mtoto akamkazia macho yake ya ukungu, yeye naye akamkazia yake, wote wawili wakiwa na nyuso kavu zinazofanana kupita kiasi.

"Naona mnaelewana," mama mkwe alisema, na akalisukuma kapu kwa mguu mpaka likagusa viatu vya mkwewe. "Hili utalibeba wewe. Na ole wako useme safari njema."

Mkewe alikuwa anacheka huku amejishika tumbo, anamwomba kila mtu anyamaze. Barafu akageuka, akamtafuta mtu mmoja tu mle ndani ambaye angeweza kwenda kuuambia mtaa kwamba hakuona kitu.

Refa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, shuka kalifunga upya shingoni, macho makavu, kidole kimeelekezwa kwenye soketi ya ukutani.